Kuigeuza riwaya kongwe ya maajabu kuwa mchezo wa redio: mwongozo kamili kwa kikundi cha Bagamoyo

Sikio halijui inchi. Mwambie msikilizaji kwamba aliyesimama juu ya kifua cha Gulliver ana inchi sita. Atakubali kwa adabu, kisha kichwani mwake atamwona mtoto wa darasa la kwanza. Kinachompa mtu huyo kimo chake ni umbali wake na maiki, uzito wa hatua zake, na jinsi yule mkubwa anavyopumua akimtazama. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa sana kwenye maiki na milio, na kupita haraka kwenye yale ambayo aliyewahi kuongoza igizo jukwaani anayajua tayari.

Mfano wetu ni safari ya kwanza ya Gulliver, ya Lilliput, nchi ya watu wa inchi sita, katika kitabu cha Jonathan Swift, Gulliver's Travels, kilichotoka mwaka 1726. Kina bahari, kina jahazi linalovunjika, kina watu wadogo na mfalme mwenye majivuno, na mwenye kitabu alifariki mwaka 1745, kwa hiyo hakuna wa kukudai.

Kwanza: kitabu chenyewe kina mwenyewe?

Kitabu kinaweza kuwa kongwe machoni pako na bado kikawa na mwenyewe. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zinahesabu miaka 70 tangu mwandishi afariki. Waandishi wa riwaya za maajabu C. S. Lewis na J. R. R. Tolkien walifariki mwaka 1963 na mwaka 1973, kwa hiyo huko kazi zao zitafunguka baada ya 2033 na 2043. Usijifariji kwamba uko Bagamoyo: faili ukishalipandisha mtandaoni limeshavuka mpaka. Shika angalau kipimo cha miaka 70, ukijua kwamba ziko nchi zinazohesabu zaidi.

Mtego ambao vikundi vingi vinaingia ni wa tafsiri. Kitabu cha Kiingereza kinaweza kuwa huru, lakini tafsiri ya Kiswahili uliyoikuta maktaba ina haki yake, inayohesabiwa kwa mtafsiri. Fanya kazi kutoka kitabu cha awali na uandike Kiswahili chako mwenyewe. Ukikwama, waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla ya kurekodi, si baada. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda waigizaji na wanamuziki pia, kwa hiyo kila mmoja asaini karatasi moja inayosema analipwa nini na rekodi inaruhusiwa kwenda wapi. Ugomvi wa vikundi huanza siku mchezo unapopendwa.

Kupasua kitabu

Usianze na kitabu kizima. BBC ilipoitangaza redioni hadithi ya Tolkien, The Lord of the Rings, mwaka 1981, juzuu tatu zilizaa sehemu 26 za nusu saa, na wao walikuwa na studio na mishahara. Safari za Gulliver ziko nne. Chukua ya kwanza tu. Ina sura nane, zinazokaa vizuri katika sehemu tano za dakika 20.

Hesabu ya maneno ni hii: Kiswahili cha kuigiza, pamoja na vituo na pumzi, kinakwenda maneno 100 hadi 110 kwa dakika. Toa dakika tatu za milio na muziki, unabaki na 17, yaani maneno 1,700 hadi 1,900 kwa sehemu. Ukiona kurasa zako zina 2,600, usiwaambie waigizaji waongeze kasi. Kata.

Soma mara mbili. Mara ya pili shika kalamu tatu: moja kwa kinachotendeka, moja kwa kinachosikika, ya tatu kwa kile ambacho jicho pekee linaweza kukijua. Rangi ya tatu ndiyo kazi yako. Kila mstari wake ama uugeuze kuwa mlio, ama umpe mtu sababu ya kuusema, ama uuache. Mambo ya visigino virefu na vifupi ya vyama viwili vya Lilliput yanahitaji macho, na yalikuwa mafumbo ya siasa za Uingereza za wakati huo. Ondoa bila huruma. Lakini ule ugomvi wa yai, kama lipasuliwe upande mpana au upande mwembamba, uache na uutukuze. Yai la kuchemsha likigongwa mezani mbele ya maiki linachekesha kabla mtu hajasema neno.

Kuandika skripti

Kosa la kwanza la kila mwandishi mpya ni mhusika kusimulia anachokiona:

GULLIVER: Lo! Naona nimefungwa kamba mikono na miguu, na juu ya kifua changu yuko mtu mdogo mwenye upinde!

Hakuna binadamu anayeamka hivyo. Bahati ni kwamba Swift amekurahisishia: Gulliver amelala chali, nywele zimefungwa ardhini, hawezi kugeuza shingo. Mwanzoni anajua kile anachokihisi na kukisikia tu, sawasawa na msikilizaji. Andika hivi:

1. MLIO: Bahari kwa mbali, mawimbi madogo. Upepo kwenye majani makavu.
2. GULLIVER (karibu kabisa, anaamka): Mmh… (anajaribu kuinuka)
3. MLIO: Nyuzi nyingi zinakaza kwa pamoja.
4. GULLIVER: Aa! Nywele… Nani kanishika nywele?
5. MLIO: Hatua nyepesi sana: gotini, tumboni, kifuani. Zinasimama.
6. GULLIVER (anabana pumzi): Panya. (kimya, sekunde mbili) Lo. Panya gani ana upinde?

Neno "mdogo" halimo kabisa, wala halihitajiki.

Kila mstari uwe na namba, milio ikiwamo. Siku ya kurekodi utasema "rudia kuanzia 4" na watu wanane wataenda pale pale. Herufi ziwe na ukubwa wa 14, maneno ya mtu mmoja yasikatike kati ya kurasa mbili, na kurasa zisibanwe pini. Kila mwigizaji aishushe karatasi aliyoimaliza kwenye blanketi miguuni pake. Karatasi inayogeuzwa inasikika kama moto wa makuti.

Katika onyesho moja wasizidi watu wanne wanaosema. Jina la kila mmoja litajwe ndani ya mistari mitatu ya kwanza tangu aingie, kisha liachwe lipumzike.

Kuhusu lugha, mabaharia wasiongee Kiswahili cha hotuba. Kaa jioni moja na wenye majahazi pale ufukweni, uwaulize wanapiga kelele gani mwamba ukitokea mbele. Utapata nahodha na serahangi, foromali na demani, na utapata mpangilio wa amri ambao huwezi kuubuni mezani. Mfalme na baraza lake wape Kiswahili cha baraza, kizito na cha kujisikia, chenye "Mtukufu" nyingi kupita kiasi. Kichekesho kizima kiko katika ukubwa wa maneno na udogo wa msemaji. Lugha ya Lilliput ambayo Gulliver haielewi mwanzoni, itunge kwa silabi tupu. Usiwape watu wadogo lafudhi ya kabila lolote la kweli. Utachekesha siku moja na kulaumiwa miaka.

Msimulizi asizidi sehemu moja kwa tano ya maneno yote. Mwigizaji wa Gulliver ndiye awe msimulizi, ila msimulizi ni mzee anayekumbuka: sm 10 kutoka kwenye maiki, sauti ya chini, bila mlio wowote nyuma. Gulliver wa ndani ya onyesho ana bahari na pumzi. Msikilizaji atawatofautisha bila kuambiwa.

Waigizaji

Bagamoyo hukosi waigizaji. TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, inatoa watu waliofunzwa kila mwaka. Wanane wanatosha, kila mmoja akibeba nafasi mbili au tatu. Tatizo la aliyefunzwa jukwaani ni kwamba sauti yake imezoea kufika mstari wa nyuma. Mwambie msikilizaji ni mtu mmoja, na amelaza kichwa begani pake. Siku ya kwanza ya mazoezi someni mkiwa mmekaa, mkigusana mabega. Sauti zitashuka zenyewe.

Chagua sauti mkiwa mmefumba macho. Ukishindwa kuwatofautisha mfalme na waziri ndani ya sentensi mbili, badilisha mmoja, hata kama wote wawili ni hodari.

Chumba na saa

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Bagamoyo zina kuta nene zinazozuia kelele za nje vizuri, lakini plasta yake inarudisha sauti kama kisima. Piga kofi katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaotetema, chumba hakijawa tayari. Tundika magodoro ya sponji ya inchi nne au zaidi nyuma ya mwigizaji na pembeni zake mbili. Wengi huyaweka nyuma ya maiki, na hapo hayasaidii kitu: maiki inasikia mbele yake, na mbele yake ni mwigizaji pamoja na ukuta ulio mgongoni kwake. Chini tandika mkeka, juu yake blanketi. Khanga ukutani ni pambo tu. Ni nyembamba mno.

Bati ni adui wa masika na vuli. Panga kurekodi kati ya Juni na Septemba, au Januari na Februari. Kwa siku, nafasi nzuri iko baina ya adhuhuri na alasiri, saa saba hadi saa tisa na nusu, watu wakiwa wamejipumzisha. Nyingine ni baada ya isha, saa tatu hadi saa tano usiku. Alfajiri inadanganya. Watu wamelala kweli, lakini kunguru hawajalala.

Zima feni na friji. Funguo za pikipiki ziweke ndani ya friji, usije ukaondoka bila kuiwasha tena, samaki wa wenyewe wakaoza. Chumba kikiwa hivyo kitachemka, kwa hiyo pumzikeni kila dakika 25. Laptopu itumie betri: umeme ukikatika hupotezi kazi, na ule mngurumo mwembamba wa chaja hauingii kwenye rekodi.

Kurekodi watu

Katika chumba cha namna hii chukua maiki ya dainamiki. Ile ya kondensa, inayohitaji volti 48, ina masikio makali mno; itakuletea bodaboda aliye mtaa wa tatu. Rekodi WAV, kilohezi 48, biti 24, mono. Vilele vya sauti viishie kati ya −12 na −6 dB. Mwigizaji aseme pembeni kidogo ya maiki, si moja kwa moja, maana "p" na "b" zetu zinapuliza. Mbele yake weka soksi ya nailoni iliyovutwa kwenye duara la waya.

Sasa umbali, ambao ndio roho ya kazi. Mazungumzo ya kawaida ni sm 25 hadi 30. Gulliver akiwa Lilliput asogee hadi sm 12, apumue kwa sauti, ameze mate. Mwili wake ndio mandhari. Watu wadogo wasimame mita moja hadi moja na nusu, wakipaza sauti nyembamba kwa juhudi, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Umbali unapunguza uzito wa sauti, na juhudi inamwambia msikilizaji kwamba wanaongea na kitu kikubwa. Katika kuchanganya utaipandisha sauti hiyo isikike, lakini ule wembamba utabaki.

Jitu, ukija kuigiza safari ya pili yenye majitu, ni kinyume chake, na hapa wengi hukosea. Usimwambie apige kelele. Anayepiga kelele sauti yake inapanda, unapata mtu wa kawaida mwenye hasira. Jitu lisogee sm 5, liseme polepole, karibu kunong'ona, kutoka kifuani.

Umati wa Lilliput hauhitaji watu mia. Waigizaji sita wazungumze kwa sekunde 60 wakiwa upande wa kushoto, kisha kulia, kisha nyuma, kisha wakitembea. Ukirundika rekodi hizo nne una watu 24, na masikio yanaongeza waliobaki. Kila mmoja awe na jambo lake la kulalamikia (bei, mvua, mkwe), la sivyo wote watasema "wewewewe".

Kabla ya kufunga siku, rekodi sekunde 60 za chumba kitupu, watu wote wakiwa kimya. Bila hizo, kila pengo utakalolikata litasikika kama shimo.

Vitu vidogo vinavyoharibu rekodi: bangili, kanzu iliyopigwa wanga, njaa (matumbo yananguruma), na chai ya maziwa, inayofanya mdomo unate. Maji ya uvuguvugu yanatosha.

Milio

Bahari ya Bagamoyo inapwa mbali sana, na maji yakipwa unachorekodi ni upepo. Nenda wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yakiwa yanajaa. Simama mita tatu au nne kutoka pale wimbi linapovunjika. Maji mafu hayakupi kitu. Kinasa sauti kivishe sponji, juu yake kipande cha blanketi lenye manyoya. Bila hivyo upepo wa kusi utagonga maiki na hakuna programu itakayousafisha. Rekodi dakika tano bila kukatisha, kisha pangusa chumvi siku hiyo hiyo.

Dhoruba hutaikuta, wala usiifuate. Itengeneze kwa tabaka tatu. La chini: wimbi lako, ukipunguza mwendo wake kwa nusu, litashuka oktavo moja na kunguruma. La kati: wimbi lilelile kwa mwendo wake wa kawaida. La juu ndilo linalofanya watu waamini kuna chombo: turubai lililoloweshwa likipigwapigwa hewani (tanga), mlango mkuukuu au kitanda cha kamba kikilia (mbao za merikebu), kamba ya katani ikisokotwa karibu na maiki. Mwamba ukipiga, vunja sanduku la mbao la matunda, kisha nyamazisha kila kitu kwa sekunde moja kabla ya maji kuingia. Ukimya huo unatisha kuliko kishindo.

Kwa Lilliput, vifaa viko jikoni na uani:

Nyuzi zinazokaza ni mshipi wa kuvulia, uliofungwa kwenye misumari miwili na kukwanyuliwa sm 5 kutoka kwenye maiki. Mingi kwa pamoja, na mmoja ukatike.

Mishale ni chelewa. Mtu mmoja azipitishe kwa kasi mbele ya maiki, mwingine achome chelewa moja moja kwenye papai lisiloiva vizuri. Papai lililoiva linatoa mlio wa uji. Bichi kabisa linatoa mlio wa mbao. Nunua mawili, mishale ni mingi.

Hatua juu ya kifua ni ncha za vidole viwili juu ya ngozi ya ngoma iliyolegezwa, na shati limetandikwa juu yake. Usitumie kucha, zinatoa mdudu. Mwendo wake uwe wa haraka kuliko wa mtu, kwa sababu miguu mifupi hupiga hatua nyingi.

Rekodi kila mlio mara tano na uandike jina la faili papo hapo: sehemu, onyesho, namba ya mstari. "Rekodi mpya 47" haitakwambia kitu baada ya wiki mbili.

Muziki uwe mfupi, sekunde nane hadi kumi na mbili kati ya maonyesho. Zeze moja linatosha nchi nzima ya Lilliput, na nzumari inafaa kumwingiza mfalme. Mpigaji naye asaini karatasi yake.

Kuchanganya

Audacity ni ya bure na inatosha. Panga maneno peke yake kwanza, bila mlio hata mmoja, hadi mwendo ukae sawa. Kata kila kitu chini ya 80 Hz kwenye sauti za watu. Ndipo uongeze mandhari, halafu milio, muziki mwisho. Mandhari ikae dB 12 hadi 15 chini ya maneno.

Watu wadogo wapandishe semitoni tatu, zisizidi nne, na ukate chini ya 300 Hz. Hesabu ya Swift ni moja kwa kumi na mbili. Ukiifuata kwa kompyuta utapata mbu, si waziri. Ukizidi semitoni tano konsonanti zinamumunyika na mchezo unakuwa katuni. Jitu lishushe tatu tu, mwendo wa polepole autoe mwigizaji mwenyewe.

Ukubwa wa sauti wa mwisho: −16 LUFS kwa stereo, −19 kwa mono, kilele kisipite −1 dB. Toa MP3. Dakika 20 kwa kbps 64 mono ni MB 9.6, kwa kbps 128 stereo ni MB 19.2. Toa zote mbili, maana faili jepesi ndilo litakalotembea kwenye WhatsApp.

Kisha sikiliza kwa spika ya simu, ndani ya daladala inayotembea. Tabaka la chini la dhoruba yako litakuwa limepotea lote, kwa sababu spika ndogo haziwezi besi. Kama dhoruba imekufa, pandisha tabaka la kati na la juu. Usiguse la chini. Wenye hedifoni watalisikia.

Kipimo cha mwisho

Tafuta watu watatu wasiokijua kitabu. Wape onyesho la kuamka tu, dakika tatu, bila utangulizi. Usiwaulize kama wameipenda, watakujibu kwa heshima. Waambie: nionyesheni kwa mkono, yule aliyepanda kifuani ana kimo gani? Akionyesha usawa wa goti, rudi kwenye hatua: zina uzito mwingi, rekodi upya kwa shati nene zaidi na vidole vyepesi. Akionyesha usawa wa kiuno, kosa liko kwenye sauti ya mtu mdogo, mwigizaji alisogea karibu mno na maiki, na hakuna kitufe cha kulirekebisha. Mwite arudi, mita moja na nusu. Akinyoosha kidole gumba na cha shahada kwa upana wao wote na kusema "hivi", anza sehemu ya pili.